Kinachoelea Tulikimwaga

Subira yangu iliisha saa nne na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, mbele ya keki.

Ilikuwa keki ya mraba yenye krimu ya bluu, na juu yake mtu alikuwa ameandika Hongera. Sisi wachambuzi wa maabara tulisimama kuizunguka meza ya mikutano. Ukutani kulikuwa na grafu, na mstari wa grafu ulikuwa unapanda. Kwa lugha ya kawaida ulisema hivi: kabla mashine haijapita kuchimba sakafu ya bahari, matope yalikuwa na vinyama wachache, na baada ya mashine kupita wakawa wengi. Yaani ukimbomolea mtu nyumba, anaongeza watoto.

Meneja wetu alikuwa akipitisha fomu. Sote tulimwita Injinia, ingawa hakuna aliyewahi kujua ni injinia wa nini. Fomu ilikuwa na sentensi moja tu ya maana: sampuli zote, za kabla na za baada, zilishughulikiwa kwa njia moja tangu mwanzo hadi mwisho. Chini yake, mistari ya sahihi. Ilipofika kwangu niliisoma mara mbili.

"Injinia, hii si kweli."

"Nini si kweli?"

"Njia moja. Tulibadilisha njia katikati. Nilikuambia mwenyewe, ukiwa umesimama hapo kwa mlango."

"Mama Tash, hiyo ni kitu kidogo. Weka sahihi tukate keki, watu wana njaa."

"Si kitu kidogo. Ndiyo inafanya hiyo laini ipande."

Aliwageukia wengine akicheka. "Jameni, Mama Tash siku hizi anasoma grafu!" Wachache wakacheka naye, kwa sababu yeye ndiye mwenye keki. Halafu akainama kwangu, akashusha sauti kama mtu anayemsaidia mwenzake. "Sikiliza. Hayo ni matope. Matope ya chini kabisa ya bahari, mahali hata jua halijawahi kufika. Nani atakuja kuuliza matope?"

Nilikuwa nimemvumilia mtu huyo mengi. Nilikamua maziwa ya mtoto kwenye stoo, katikati ya chupa za sampuli, mlango umezuiwa kwa kiti. Niliitwa msichana nikiwa na watoto wawili. Lakini matope hayo nilikuwa nimeyaangalia kwa macho yangu miaka mitano, na nilijua kilichokuwa ndani yake. Nilichukua kalamu yake nikaandika SI KWELI mahali pa sahihi, herufi kubwa. Kisha nikavua koti jeupe la kazi nikaliweka juu ya keki. Si kando ya keki. Juu.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nikiwa na miaka thelathini na miwili. Wengine hustaafu kwa hotuba na blanketi.

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye ile meza ndefu, na wale watakaokuja baada yenu. Mambo ya mshahara na kupandishwa cheo sitayagusa. Moja lilikuwa dogo na lingine halikutokea. Nataka mjue kazi yenyewe, na kosa tulilofanya, kwa sababu kosa hilo mtaambiwa halikuwepo.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na mitano, na cheti cha kidato cha nne, na macho mazuri. Macho ndiyo yaliyonipa kazi. Mnajua mahali penyewe: ghorofa ya pili, ukitoka mjini Eldoret kuelekea mtaa wa West Indies, juu ya duka la dawa za mifugo. Wakati huo maabara haikuwa na habari na bahari. Ilikuwa maabara ya mbegu. Watu walileta mbegu za ngano na mahindi, na sisi tulichagua. Mbegu safi huku, magugu huku, takataka huku, unapima, unaandika kwenye kadi, unatia jina lako chini.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Mama Nekesa. Alikuwa mwanamke mfupi wa kutoka Webuye, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa amechagua mbegu tangu mimi sijazaliwa. Hakunisalimia sana. Alimwaga kiganja kimoja cha ngano kwenye trei mbele yangu.

"Ni nini hiyo?"

"Ngano."

"Angalia tena."

Nikaangalia. "Ngano, mama."

"Kuna shayiri mwitu kumi na moja hapo zinakucheka. Msichana, usitafute kile unataka kuona. Chagua kila kitu, halafu ndio ujue umepata nini."

Ilinichukua asubuhi nzima kuzipata hizo kumi na moja. Nilipata kumi na mbili. Mama Nekesa alihesabu, akahesabu tena, akasema, "Hm," akaniletea chai. Kwake hiyo ilikuwa sherehe.

Kuchagua hakukuwa kugeni kwangu. Kwetu ni Cheptiret, kando ya barabara ya Nakuru. Wazazi wangu walihamia huko kutoka upande wa kati, na mama yangu ana duka la nafaka hadi leo. Nimekua nikichagua maharagwe. Na kama mtu yeyote aliyekulia kwenye maharagwe, nilijua kabla ya kujua kusoma kwamba unayamimina kwenye sufuria ya maji, unakoroga, unaacha yatulie. Yanayozama ni ya kupika. Yanayoelea yametobolewa na fukusi, unayamwaga kwa kuku. Kwenye maabara ilikuwa vilevile, na zaidi: tulikuwa na mashine ya upepo ya kupeperusha makapi kabla hata ya kuanza kuchagua. Mkono wangu ulijifunza jambo hilo moja kwa nguvu kuliko yote. Kitu chepesi ni uchafu. Mwaga, uendelee.

Baada ya miaka miwili biashara ya mbegu ilipungua, na Injinia akarudi kutoka mkutano fulani na kandarasi. Kampuni moja yenye meli ilitaka watu wa kuhesabu vinyama kwenye matope ya bahari. Ilitaka maikroskopu nyingi, meza ndefu, na wanawake wanaoweza kukaa. Sisi tulikuwa navyo vyote vitatu. Sijawahi kuiona bahari. Maji mengi kuliko yote niliyowahi kusimama kando yake ni ya bwawa. Lakini matope yake yaliletwa mpaka Eldoret kwa lori, kwenye masanduku ya plastiki, na nikayajua kuliko ninavyoujua uso wa mjomba wangu.

Watu wa meli walitueleza mara moja tu, kupitia laptopu, na maelezo yao nayakumbuka vizuri kwa sababu Mama Nekesa aliyatafsiri papo hapo. Chini kabisa, kwenye giza na baridi, kuna uwanda, na juu ya uwanda huo yamelala mawe meusi, makubwa kama viazi. Ndani ya mawe kuna madini ya betri. Mashine inashushwa, inatembea kwa minyororo, inayaokota.

"Ni kombaini," Mama Nekesa akasema.

"Ndiyo," nikasema, "inavuna viazi."

"Na inakula udongo wa juu pamoja nayo. Na vumbi lake linaenda kumwangukia jirani kwa nguo alizoanika."

Yule mtu wa meli, alipotafsiriwa hayo, alikubali kwamba ni kweli kabisa. Akaongeza jambo ambalo lilinikaa. Shamba la ngano, kombaini ikipita, mwakani unapanda tena. Kule chini tope linashuka polepole sana, punje kwa punje, hata alama za minyororo zilizoachwa na majaribio ya zamani bado zinaonekana, wakati waliozichora wamekuwa wazee. Kwa hiyo kabla mashine haijaruhusiwa kupita uwanda mzima, ilitakiwa ijaribiwe kidogo, na sisi tuhesabu wanaoishi kwenye tope kabla na baada. Hesabu yetu ingeingia kwenye ripoti, na ripoti ingesaidia kuamua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Kazi ya maana, nami niliipenda, niseme ukweli.

Sasa mambo ya mikono, kwa wageni.

Chupa inakuja na tope ndani ya fomalini, dawa kali ya kuzuia kuoza. Fungua chini ya kile kifuniko cha kuvuta hewa, na ukiona hakivuti, usifungue. Ukiwa mjamzito usifungue kabisa, hata kikivuta. Mimi nilipopata mimba ya Tash na kuuliza, nilihamishiwa karibu na dirisha. Hiyo ndiyo ilikuwa sera. Unaiosha fomalini, inaenda kwenye pipa lake. Kisha unatia rangi ya pinki, ambayo hushika nyama na haishiki mchanga, unaacha ikae. Kitu chochote kilichokuwa na mwili kinakuwa pinki, na kazi yako ni kuokota pinki. Usivae nguo nzuri. Tash alipokuwa na miaka miwili aliamini kazi yangu ni kupaka watu kucha.

Wengi ni minyoo, myembamba kuliko uzi wa kushonea. Wako pia vijidudu vya miguu kama kamba wa baharini waliopungua sana, na vikonokono ambavyo ukipumua vibaya vinahama trei. Kibano kinawaponda. Mama Nekesa alitufundisha kutumia unywele mmoja uliobandikwa kwenye kijiti cha meno. Alijaribu wa paka, akajaribu wa mbuzi, na zote zilikuwa ngumu. Tash aliponyolewa mara ya kwanza nililetea maabara nywele zake kwenye bahasha, na hizo ndizo zilizofaa. Kwa miaka mitatu meza nzima iliokota wanyama wa bahari kwa nywele za mtoto wangu. Kama bado mnazitumia, ni sawa, sizidai.

Sasa, hatua ambayo ndiyo kiini cha yote. Kabla ya kuokota unatakiwa kutenganisha tope na wanyama. Watu wa meli walileta kitabu cha maelezo, kinene, cha Kiingereza. Injinia alikifungia kwenye droo yake kisichafuke, akatupa karatasi moja aliyoandika mwenyewe. Ilisema: tikisa kwenye maji, acha itulie, chuja. Haikusema ni upande gani wa kuchuja, wa juu au wa chini. Na hakuna mmoja wetu aliyeuliza. Ungeuliza nini? Wanawake sita kwenye meza, wote tumelelewa na sufuria za maharagwe, na wote tumetoka kwenye mbegu. Tulitikisa, tukaacha itulie, tukamwaga kilichoelea, tukachuja kilichozama. Mama Nekesa alitusimamia tukifanya hivyo, akaridhika na usafi wetu.

Chupa zote za kabla zilipita hivyo. Karibu miaka miwili. Kwenye kila kadi, jina langu au la mwenzangu.

Maji yale ya kumwaga hatukuyapoteza. Mnajua shida ya maji kwenye lile jengo. Kulikuwa na ndoo kubwa chini ya sinki, na maji yote ya kusuuzia yaliingia humo, na yalitumika chooni. Ijumaa moja choo kilikuwa kimeharibika na fundi hakuja, kwa hiyo ndoo ikabaki imejaa mpaka Jumatatu. Jumatatu nilifika wa kwanza. Niliiinamisha nimwage nje, na nikaona chini ya ndoo kuna utando.

Ulikuwa pinki.

Nilisimama hapo na ndoo. Rangi yenyewe haifanyi utando, inayeyuka tu. Kinachokaa chini na kuwa pinki ni nyama. Nilichukua kijiko kimoja nikakiweka chini ya maikroskopu hata kabla ya kuvua sweta, na trei yote ilikuwa wao. Minyoo juu ya minyoo, kama tambi. Vile vijidudu vya miguu ambavyo tulikuwa tukipata vitatu vinne na kufurahi, vilikuwa vimejaa.

Mama Nekesa aliingia, akaning'inia juu ya bega langu. "Hiyo ni chupa gani? Imejaa hivyo?"

"Si chupa, mama. Ni ndoo ya choo."

Aliketi kwenye kiti changu, akaangalia, akarekebisha, akaangalia tena. Kisha akavua miwani.

"Wanaelea," akasema. "Mchanga ni mzito, unazama mara moja; wao ni wepesi, wanachukua siku kuzama. Wanaelea na tunawamwaga."

"Tumewamwaga wote?"

"Hao wa kuzama ndio tumekuwa tukihesabu. Waliokwama kwa mchanga." Akanitazama. "Wambui, tumeflash bahari kwa choo."

Ningependa kuwaambia kwamba hakuna aliyecheka. Tulicheka, vibaya, mpaka mmoja akalia. Halafu Mama Nekesa akaenda kumdai Injinia kitabu kile. Maelezo yalikuwa kwenye ukurasa wa nne, tena yana picha: mshale unaoonyesha maji ya juu yakiingia kwenye chujio.

Tulibadilisha njia siku hiyohiyo. Injinia alipopita mlangoni nilimweleza mwenyewe, nikamwonyesha trei. Alisema sawa, endeleeni na hiyo njia nzuri, yeye atawaandikia watu wa meli kwamba zile za kabla zirudiwe. Tukamwamini. Kulikuwa na namna ya kurudia, kwa sababu kila chupa ya kabla ina pacha wake kwenye stoo, hajafunguliwa, ameletwa kwa ajili ya ajali kama hiyo. Tukangoja tuambiwe tuwafungue. Wakati tunangoja, chupa za baada zikaanza kufika, tukaziingia kwa njia mpya.

Zile chupa za baada, hata kwa mtu asiye na shule zilisema kitu. Tope la kabla lilikuwa na sehemu ya juu laini, kama malai juu ya maziwa, na hata safari ya lori haikuiondoa kabisa. Za kutoka kwenye njia ya mashine hazikuwa nayo. Ulifungua ukakuta udongo wa chini, mgumu, wa rangi nyingine, unaokatika kama sabuni ya mche. Zilizotoka kando ya njia zilikuwa na vumbi jipya juu, jembamba, limewafunika waliokuwa wakiishi. Niliokota nilichopata. Kwa njia nzuri, na kwa uangalifu wote, nilipata wachache: zaidi ya tuliopata tukimwaga, lakini si kitu mbele ya ile ndoo.

Mama Nekesa alistaafu mwaka uliofuata. Kwenye chai yake ya kuaga alinipa kihesabio chake, kile cha chuma cha kubonyeza kwa kidole gumba, chenye tarakimu tatu. "Kikifika mia tisa tisini na tisa kinarudi sufuri," akaniambia. "Ukisikia kimegeuka, andika moja kando. Usijiambie utakumbuka." Sikuwahi kukisikia kikigeuka kwa chupa ya baada. Hata mara moja.

Nilienda likizo ya uzazi wa pili. Niliporudi nilikuta msichana mpya kwenye kiti cha Mama Nekesa, nitamwita Chela, mwepesi wa mkono kuliko mimi. Na nilikuta grafu ya kwanza imebandikwa kwenye mlango wa Injinia. Nilisimama mbele yake nikiwa na pampu ya maziwa mkononi. Laini inapanda. Ilinichukua kama dakika moja. Walikuwa wamechukua hesabu zetu za ndoo ya choo kama kabla, na hesabu zetu nzuri kama baada, wakaziunganisha kwa rula.

"Injinia, uliwaandikia watu wa meli?"

"Niliwaandikia kuhusu mambo mengi."

"Kuhusu kumwaga?"

"Mama Tash, umerudi juzi. Pumzika kwanza."

Sikupumzika. Nilimsumbua wiki mbili. Hatimaye, ili nimwache, akanipa ruhusa nifungue pacha watatu, akatia sahihi kwenye daftari la stoo bila kusoma alichokuwa akisaini, kama kawaida yake. Tulifanya mimi na Chela, saa za chakula. Njia ya ukurasa wa nne. Chupa ya kwanza, nikiwa katikati ya trei, kihesabio kiligeuka.

"Ni nini hiyo?" Chela akauliza. "Imeharibika?"

"Haijaharibika. Andika moja kando."

Kiligeuka tena kabla hatujamaliza. Pacha wa pili na wa tatu, vilevile. Hapo ndipo tulipojua jinsi kulivyokuwa kabla ya kombaini. Tulikuwa tumeketi katikati ya ushahidi, na mkate wa siagi.

Nilipeleka kadi tatu kwa Injinia. Alizitazama kwa muda mrefu, na nataka niwe wa haki: alielewa. Niliona uso wake ukielewa. Kisha akafungua ile droo, akaziweka juu ya kile kitabu kinene, akafunga. Siku nane baadaye ikaja keki.

Nilipotoka siku hiyo nilitembea mpaka nyumbani, mtaa wa Pioneer, kwa miguu, nikiwa nimekasirika kiasi cha kusahau kwamba kuna boda boda. Nilipofika nilimnyonyesha mtoto, nikampigia Mama Nekesa simu Webuye. Nilimweleza yote. Nikamwambia ninachoogopa si Injinia. Ninachoogopa ni kwamba nikilalamika itabidi niseme kwamba kazi yetu ya miaka miwili ilikuwa takataka, na yeye ndiye aliyekuwa ametusimamia. Mtu aliyechagua mbegu maisha yake yote, na jambo la mwisho kuandikwa juu yake liwe hilo.

Nilisikia kuku wake kwenye simu.

"Wambui."

"Mama."

"Wakiruhusu hiyo mashine juu ya hesabu yangu ya uongo, ndiyo itakuwa takataka. Andika. Na jina langu uliweke. Mimi ndiye niliwafundisha kumwaga."

Chela aliniomba nisiweke lake, ana mtoto na ana nyumba ya kulipia. Sikuweka, na wala hilo silo jina lake. Sina ubaya naye. Alishika trei vizuri.

Kuna ofisi hapa mjini inayopokea malalamiko juu ya maabara zinazopewa vyeti. Nilienda Jumatatu na mtoto mgongoni. Karani alikuwa kijana mpole aliyevaa tai. Alinipa fomu ya kurasa mbili, nikaijaza kwenye benchi, nikairudisha. Aliisoma kidole kikifuata mistari, na kidole kikasimama.

"Madam, hapa pa anayelalamikiwa umeandika watu watatu."

"Ndiyo."

"Huyu wa tatu ni wewe."

"Ndiyo mimi."

"Huwezi kujilalamikia."

"Kwani fomu imekataza?"

Aliigeuza, akaisoma nyuma, hata yale maandishi madogo ya chini. "Haijakataza."

"Basi piga muhuri."

Alipiga, kwenye nakala yangu pia. Hii hapa, neno kwa neno, ili atakayewaambia kwamba nilifukuzwa kwa ajili ya keki mumwonyeshe.

Mlalamikaji: Wambui, aliyekuwa mchambuzi wa sampuli.

Wanaolalamikiwa: Meneja wa maabara; Mama Nekesa, msimamizi wa meza aliyestaafu, kwa idhini yake; na mimi mwenyewe.

Malalamiko: Sampuli za matope ya bahari za kabla ya uchimbaji zilishughulikiwa kwa kumwaga maji ya juu, ambamo wanyama walikuwa. Nilifanya hivyo kwa mikono yangu. Sampuli za baada zilishughulikiwa kwa njia sahihi. Hesabu hizi mbili haziwezi kulinganishwa. Zimelinganishwa. Meneja aliambiwa mara kadhaa, na mara moja kati ya hizo alipewa kadi tatu zinazoonyesha kwamba kabla ya mashine tope lilikuwa na uhai mwingi kuliko baada. Kadi ziko kwenye droo ya kwanza ya meza yake, mkono wa kulia. Ruhusa ya kufungua chupa hizo iko kwenye daftari la stoo, na sahihi ni yake. Pacha waliobaki bado hawajafunguliwa. Wakifunguliwa leo watasema walichosema hao watatu, mradi asiwepo mtu wa kuwamwaga.

Unaomba ofisi ifanye nini: Ripoti isimamishwe. Pacha wote wafunguliwe na watu wengine. Na kadi zote za kabla zilizotokana na kumwaga, zenye jina langu, zifutwe, hata moja isibaki.